Mstari wa Rangi ya Kucha

Dada yangu alikuwa mfuaji wa hospitali kwa miaka ishirini na sita, na ukimwambia kufua ni kazi nyepesi atakupa vidonge vyako hapo hapo. Mashuka ya wodi zote yalipita mikononi mwake: yenye damu, yenye usaha, yenye vitu ambavyo hata yeye alikataa kuvitaja tukiwa mezani. Alipostaafu alirudi nyumbani na mgongo mbovu, mikono iliyochujuka mpaka kwenye viwiko, na masharti ya usafi. Masharti ndiyo yaliyotushinda. Mama akamwita Bibi Afya, na jina likamganda, hata muuza mkaa wa nyuma ya nyumba akawa anamwita hivyo.

Tulikuwa watatu katika nyumba ya vyumba viwili na jiko: mama, dada, na mimi kitinda mimba, fundi cherehani nisiye na mume wala subira. Mama alikuwa na pumu tangu ujana wake na mapafu yalikuwa yamechakaa. Akipanda ngazi tano, anasimama kama vile anamsubiri mtu. Kwa hiyo korona ilipoanza kutangazwa redioni, wakasema inakamata kifua, mimi na dada tulitazamana tu. Ikiingia mle ndani, mama haponi. Hilo tulilijua wote bila kuambiana.

Kesho yake dada akaligawa jiko. Alichukua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, tena yangu, niliyoinunua kwa ajili ya harusi ya rafiki yangu, akapiga magoti na mgongo wake ule, akachora mstari sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Nilipomuuliza kwa nini rangi yangu, akasema chaki inafutika.

"Huku ni upande mchafu," akasema, akionyesha kwenye mlango. "Kule upande safi. Kitu hakivuki mpaka kioshwe."

Ndivyo walivyofanya kazi kule kwenye chumba cha kufulia. Kuna mwaka msaidizi mmoja alivuka mstari na glovu chafu ili achukue kikombe chake, akashika rundo la mashuka safi kwa bahati mbaya, na wiki hiyo hiyo watoto wawili wa wodi ya juu waliharisha mpaka wakafa. Hakuna aliyethibitisha kwamba ni yale mashuka. Lakini dada ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu, na moyoni mwake alishathibitisha zamani. Habari hiyo alinisimulia mara moja tu, akiwa amenipa mgongo.

Basi ikawa hivi. Mimi ndiye niliyekuwa natoka, kwa hiyo nikimaliza kazi napitia sokoni na dukani. Nikifika nyumbani nasimama upande mchafu, mbele ya mabeseni matatu: la sabuni, la dawa ya klorini, la maji matupu. Nyanya, viazi, mayai, makopo, pakiti za unga, vyote viliingia. Hata sabuni mpya ilioshwa kwa sabuni. Mimi nazamisha, dada anasugua, na ng'ambo ya mstari mama yuko kwenye kiti chake na taulo, anakausha.

Kitu cha kwanza kabisa kuingia kwenye beseni kilikuwa barakoa yangu. Leo nikilieleza hili watu wananitolea macho, lakini sisi tuliona ndiyo akili yenyewe. Barakoa imetoka nje, imezunguka soko zima, imepigwa na pumzi za watu. Kwa hesabu ya mfuaji, hicho ni kitambaa kichafu kuliko vyote. "Vua," dada alikuwa akiniambia hata kabla sijafunga mlango vizuri. Nami navua, nazamisha, halafu nasimama pale uso mtupu saa nzima. Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa na tundu zake zimezibwa kwa matambara, kwa sababu lilitazama uchochoroni, na watu walipita pale wakitema mate.

Nilijaribu kubisha. Fundi mwenzangu alinisomea kwenye simu yake kwamba wataalamu wanasema kuosha manunuzi si lazima sana, nawa mikono, usikaribiane na watu, fungua madirisha. Nikaipeleka habari nyumbani.

"Huyo mtaalamu amewahi kufua shuka la mgonjwa?" dada akauliza.

"Sijui. Sikumuuliza."

"Akishafua, aje tuzungumze."

Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa heshima, nilinyamaza kwa uchovu. Nimeshona siku nzima, mabega yanawaka moto, halafu nianze kugombania kitunguu na mtu ambaye hajawahi kushindwa ugomvi tangu nimjue. Uchovu ule nimeujutia kuliko mambo mengi niliyoyafanya kwa makusudi.

Na niseme kweli, saa ile ya mabeseni ilikuwa na raha yake. Mama alikuwa hatoki nje kabisa, hata mlangoni. Dada alitaka akae chumbani wakati tunaosha, mama akagoma. "Mnataka kunizika nikiwa nawaona?" akasema, akavuta kiti mwenyewe mpaka karibu na mstari. Alitaka habari zote: nani anaumwa, nani kafunga duka, nani kagombana na nani kwenye foleni. Na kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, kila mara ananiambia nisogee na niseme kwa nguvu. Nami nasogea mpaka vidole vya miguu vinagusa ile rangi nyekundu, naongeza sauti.

Siku moja dada aliufuta mkate kwa kitambaa cha klorini. Mama akatafuna kipande, akatulia kidogo, akasema, "Mwanangu, sasa tumbo langu halina doa." Tulicheka mpaka dada naye akacheka, na yeye si mtu wa kucheka ovyo. Siku nyingine ilizamishwa pakiti ya sukari, ile ya karatasi, tukabaki na beseni la sharubati ya klorini. Mama akasema Bibi Afya amevumbua soda mpya.

Kazini tulikuwa wanne katika chumba kimoja kidogo, tunashona barakoa. Ndiyo, barakoa. Oda zilikuwa nyingi mno na tajiri hakutaka kusikia habari ya kuachiana nafasi. Zetu wenyewe tulizishusha kidevuni, kwa sababu huwezi kutunga uzi huku miwani imejaa mvuke. Siku moja fundi wa cherehani ya dirishani hakuja, akatuma ujumbe kwamba ana mafua. Siku ya pili yake koo langu likaanza kukwaruza. Nikasema ni vumbi la vitambaa, maana hakuna fundi asiyekuwa na koo la vumbi la vitambaa. Jioni ile jikoni nikakohoa mara mbili, nikasema ni klorini. Na klorini kweli ilikuwa ikitukohoza sote. Mama alikuwa anakohoa tangu siku ya kwanza ya mabeseni. Nikajitia hamnazo. Homa sikuwa nayo, chakula nilikula, na kama ningesema naumwa, dada angenitoa nje, nami sikuwa na pa kwenda.

Jioni nne zaidi nilisimama pale nikamsimulia mama habari za mtaani kwa sauti kubwa.

Siku ya tano mama aliamka na homa. Siku ya saba alikuwa anavuta pumzi kwa mabega, midomo imebadilika rangi, na hawezi kumaliza sentensi moja. Tukaita gari la wagonjwa. Wakashuka watu wawili waliofunikwa plastiki kuanzia kichwani hadi miguuni. Mama akawatazama, akamgeukia dada, akasema polepole, neno moja moja, "Bibi Afya, wenzako wamefika." Kisha wakambeba. Hatukuruhusiwa kupanda.

Nesi alikuwa anapiga simu kila asubuhi. Leo amekunywa uji kidogo. Leo hewa imeongezwa. Leo bado yuko hivyo hivyo. Siku ya tisa tangu alazwe simu ililia mapema kuliko kawaida, na dada akaitazama, akanipa mimi bila kuipokea.

Kule mochwari dada aliomba jambo moja tu, amwoshe mama yake. Mhudumu akakataa, akasema haruhusiwi mtu.

"Mimi nimeosha uchafu wa watu nisiowajua miaka ishirini na sita," dada akamwambia. Hakupandisha sauti. "Nivalishe chochote unachotaka. Nifunge mikono kwa plastiki. Mama yangu ni wa kuoshwa na mimi."

Yule mhudumu alikuwa mtu mzima, na naamini alielewa, lakini akatikisa kichwa. Mama alizikwa ndani ya mfuko wa zipu, sisi watu saba tumesimama mbali mbali kama tuliogombana. Zipu ile siisahau. Mpaka leo mteja akiniletea sketi nimbadilishie zipu, namwambia apeleke kwa fundi mwingine.

Tulipobaki wawili, dada hakuacha kuosha. Nilidhani angepindua mabeseni, lakini ndiyo kwanza akazidisha. Akaanza na upekuzi. Ananiuliza Jumatatu ile tulinunua nini, Jumanne je, yale mayai niliyapanga mimi au yeye, lile kopo lililokuwa na kutu lilisuguliwa pande zote au upande mmoja. Mwisho akaangukia majani ya chai. Alikumbuka kwamba jioni moja mama alitamani chai, akanyoosha mkono ng'ambo ya mstari, akaichukua pakiti kabla haijaoshwa, naye dada akaona, akaacha, kwa sababu mama alikuwa anacheka.

"Niliona," alikuwa akisema. "Niliona kabisa, nikaacha."

Chai ikapigwa marufuku nyumbani. Halafu akaacha uji. Halafu wali akawa anausogeza tu na kijiko. Mikono yake ilipasuka kwa klorini ikawa inatoa damu, na kila asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mama anatazama sakafu. Nguo zilianza kumpwaya. Nilishamzika mmoja, na sasa nilikuwa namtazama wa pili akiondoka taratibu kwa ajili ya pakiti ya majani ya chai.

Mimi nilikuwa najua si majani ya chai. Wakati mama bado yuko hospitalini, alikuja mwanamke mmoja wa idara ya afya na daftari lake, akatupima mimi na dada, na wote tukakutwa na korona. Mimi alinihoji peke yangu, kibarazani. Koo lilianza lini. Kazini kuna nani mwingine anaumwa. Nyumbani mnakaa wapi mkiwa pamoja. Nikamweleza mabeseni, barakoa, dirisha, kiti cha mama. Akaacha kuandika.

"Kwa saa nzima kila siku?" akauliza.

"Saa nzima."

"Mwenzangu," akasema, "sitakudanganya. Inaelekea ilianza kwako. Na si kwenye nyanya. Ni pale mlipokuwa mnasimama." Nikamwomba asimwambie dada. Akafunga daftari, akasema hayo ni yetu sisi wawili.

Nikakaa na neno lile wiki tano. Nikawa nalala nalo na kushona nalo. Nikisema, dada atanichukia, na nyumba ile itakuwa ya watu wawili wasiosemeshana. Nisiposema, atakufa anahesabu pakiti. Asubuhi moja nilimkuta ameinama juu ya beseni anaosha vijiko vya mama, vile ambavyo hakuna mtu aliyekuwa akivitumia, nikaona nimechoka kuwa mwoga. Nikapiga moyo konde.

"Dada, acha," nikasema. "Si majani ya chai. Ni mimi. Nilikuwa naumwa nikanyamaza. Nilikohoa hapa hapa, barakoa iko kwenye maji, dirisha limefungwa. Mama nimemuua mimi."

Hakuinua kichwa. Alimaliza kijiko alichokuwa nacho, akakiweka, akachukua kingine.

"Nilikusikia," akasema.

Nikashika ukingo wa beseni.

"Mara mbili. Ulikuwa umeshika kopo la maziwa. Kikohozi cha klorini nakijua, nimekisikia maisha yangu yote, na kile hakikuwa chenyewe. Nilitaka kukwambia toka. Nikafikiri, nikimtoa atalala wapi, na mama ataniuliza mtoto wangu umempeleka wapi." Akasugua kijiko, akasugua tena mahali pale pale. "Nikaongeza dawa kwenye beseni. Nikasema nikiosha sana itatosha."

"Sasa haya majani ya chai ni ya nini?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeanza kulia, na hasira juu yake. "Wiki zote hizi unajiua kwa majani ya chai, na ulikuwa unajua?"

Hapo ndipo akanitazama. Macho yalikuwa makavu.

"Nilitaka yawe majani ya chai," akasema. "Kama si hayo, ni wewe. Na mimi nimebaki na wewe tu."