Kidole cha Mguu cha Mume Wangu

Mume wangu ni muuza nyama, mtu wa mwili hasa, na katika dunia hii anaogopa kitu kimoja tu: maji yanayozidi ndoo. Paja zima la ng'ombe analitundika peke yake, lakini ukimwonyesha bwawa anakumbuka kuna kazi kaiacha nyumbani. Alipokuwa mdogo alitumbukia kwenye tangi la jirani, akatolewa hajitambui, na tangu siku hiyo anaoga kwa kopo. Bomba la mvua tulilofunga bafuni ni langu na wanangu, yeye halisogelei.

Sasa mtu kama huyo aje aniambie, tukiwa mezani, kwamba anataka kubatizwa kwa Wamormoni. Nikamuuliza kama anajua kuwa wale watu hawanyunyizi maji kichwani, wanamzamisha mtu mzima mzima. Akasema anajua. Ameshakubaliana na yule kijana wa juu, atazama mara moja tu, na baada ya hapo asiulizwe tena habari za maji.

Huyo kijana wa juu ndiye ninayetaka kumweleza. Alikuwa mmisionari, katoka nchi ya mbali, na kwenye beji yake nyeusi kifuani paliandikwa Mzee, kisha jina la ukoo ambalo mtaani kwetu hakuna ulimi ulioliweza. Mzee wa miaka kumi na tisa, ndevu zenyewe bado zinaulizana kama zitoke au zisubiri. Ndivyo wanavyoitana vijana wote wa misheni, ndiyo heshima yao. Mtaa ukamwita Mzee Mtoto, maana alikuwa mfupi tena mwembamba, na mwenzake, jitu la mabega mapana lisilopenda maneno, tukamwita Mzee Kimya. Walipanga chumba juu ya bucha letu, kwa hiyo mambo yao nilikuwa nayajua, na nisiyoyajua niliyasikia kupitia dari.

Asubuhi nilikuwa nasikia kwanza miguu ikirukaruka, hayo ni mazoezi. Kisha kimya, wanasoma maandiko. Kisha sauti ya Mzee Mtoto ikirudia sentensi za lugha yetu, ile ile mara kumi, mpaka nami huku chini nikawa nazijibu moyoni. Halafu wanashuka, mashati meupe, tai shingoni, mikoba mgongoni. Hawaachani hata kidogo. Mmoja akiingia dukani kununua sabuni, mwingine kasimama mlangoni anamwangalia. Mwanzoni nilidhani anamlinda mwenzake asitoroke. Kumbe ni sheria ya kazi yao, watembee wawili wawili na kila mmoja amwone mwenzake.

Siku ya kwanza niliwapa chai, wakaikataa kwa adabu kubwa, nikanuna. Mimi chai yangu haikataliwi. Ndipo Mzee Mtoto akanieleza kwamba chai na kahawa kwao ni mwiko, na akanieleza kwa uso wa mtu anayeomba radhi kwa ukoo mzima. Tangu hapo nikawa nawapa maziwa ya moto, wakawa wanamaliza birika.

Kutwa wanabisha hodi. Kuna waliowafungulia mlango, kuna waliowafungulia mbwa. Jioni walirudi na vumbi mpaka kwenye kope, viatu vya Mzee Mtoto vimelika upande mmoja, na bado akipita dirishani pangu atanisalimia, atauliza watoto, atauliza mguu wangu unaouma. Nilimuuliza siku moja, tangu afike nchini kwetu amembatiza nani. Akasema bado hajambatiza hata mmoja, na zaidi ya mwaka ulikuwa umepita. Alilisema hilo akitabasamu. Lakini Jumatatu, siku yao ya kufua nguo na kupiga simu nyumbani, alikuwa anakaa kwenye ngazi za nyuma ambako mtandao unashika, anazungumza na mama yake, anacheka sana. Akishakata simu anabaki akiangalia vile viatu. Mimi ni mzazi, nilikuwa nikimwona hivyo naumia.

Mume wangu alinaswa hivi. Wale vijana walikuja bucha kuuliza kama kuna kazi yoyote wanayoweza kusaidia bila malipo. Mume wangu, kwa utani tu, akawaonyesha gogo la kukatia nyama. Kesho yake Mzee Mtoto akaja na nguo kuukuu, chumvi na brashi, akalisugua lile gogo mpaka likarudi rangi ya mti. Wiki iliyofuata akaja tena, na nyingine, na nyingine. Yeye anasugua, Mzee Kimya anamwaga maji, mume wangu ananoa visu, na mazungumzo yanaendelea. Nilikuwa nadhani wanazungumza mpira.

Ubatizo ulipangwa Jumamosi. Wiki hiyo hiyo Mzee Mtoto akapata habari kwamba anahamishiwa mji mwingine na ataondoka Jumanne, kwa sababu hao hawakai mahali wakazoea. Mume wangu naye akaapa kwamba haingii majini mikononi mwa mtu mwingine yeyote. Ikawa ni Jumamosi hiyo au basi tena.

Nguo nyeupe kubwa kuliko zote pale kanisani iliishia mapajani kwake. Nikachukua shuka zangu mbili, nikakata, nikashona. Mimi si muumini wao na sijaamua kuwa, lakini mume wangu hatasimama mbele za watu kapasukiwa na suruali.

Kisima chao cha ubatizo kimejengwa ndani, nyuma ya ukumbi, kina vigae, ngazi na chuma cha kushikilia. Pembeni walisimama mashahidi wawili, Mzee Kimya na fundi baiskeli mmoja, muumini wa siku nyingi. Kazi yao ni kuhakikisha kwamba mtu amezama wote. Ukibaki unywele juu, ukibaki upindo wa nguo, hesabu yake haipo, mnaanza upya.

Mume wangu alishuka ngazi kakamata kile chuma kama anataka kuking'oa. Mzee Mtoto alikuwa keshaingia majini anamsubiri, na kichwa chake kilimfikia kwapani. Akainua mkono wa kulia, akasema maneno yao, akataja majina yote ya mume wangu bila kukosea hata moja, akamlaza. Baba watoto alikuwa amekakamaa kama ubao. Kichwa kilipozama, miguu ikapanda, na kidole gumba cha mguu wa kulia, ambacho mimi nakijua vizuri, kikatoka juu ya maji, kikatuangalia, kikarudi.

Akainuka anakohoa, anajifuta uso, na anatabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe. Watu kwenye viti nao wakaanza kutabasamu. Mzee Kimya akamtazama fundi baiskeli, fundi baiskeli akamtazama Mzee Kimya, na hakuna aliyefungua mdomo. Nami nikawa nawaomba moyoni wanyamaze hivyo hivyo. Kidole tu jamani, kitamdhuru nani.

Mzee Mtoto naye alikuwa amekiona.

"Baba," akasema, "kidole cha mguu kilitoka. Inabidi turudie."

Lile tabasamu likayeyuka. Mume wangu akashika chuma, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Alisema, taratibu, kwamba walikubaliana mara moja. Mzee Mtoto akakiri, ni kweli walikubaliana, na akipanda sasa hivi hakuna atakayemlaumu. Hakumshika mkono. Alisimama tu kwenye yale maji, akingoja kuona kazi yake ya mwaka mzima inapanda ngazi na kwenda zake.

"Ungenyamaza," mume wangu akamwambia, "nani angejua?"

"Mimi ningejua, Baba."

Mume wangu akamwangalia. Ule mwangalio naujua, ndivyo anavyoangalia mizani akisubiri mshale utulie. Huyu ni mtu ambaye ameuza nyama maisha yake yote na hajawahi kugusa mizani kwa kidole. Ndugu yake wa tumbo moja alimfukuza dukani kwa sababu hiyo, na mpaka leo wakikutana ni salamu tu. Akageuka akanitafuta kwa macho kule nilikokaa.

"Mama watoto," akasema, "huyu hapunji."

Akaushusha mguu, akarudi majini.

Hapo nikainuka, nikaenda mpaka ukingoni bila kualikwa na mtu. Nikamwambia akunje magoti kama anayekaa kwenye kile kigoda chake cha jikoni, na nikamwambia Mzee Mtoto amlaze chini zaidi, asimwonee huruma. Wakanitii wote wawili. Maneno yakasemwa upya, majina yote yakatajwa upya, na mimi sikuangalia uso, niliangalia kidole tu. Maji yakafunga juu yake.

"Sawa," akasema Mzee Kimya, na ukumbi mzima ukamsikia.

Mume wangu akaibuka, akakohoa, kisha akacheka. Mzee Mtoto akamkumbatia kiunoni, shingo hakuifikia, akalia mbele ya watu wala hakujificha. Nami nililia, kwa furaha, niseme tu ukweli.

Jumatatu alikaa kwenye ngazi za nyuma kwa mara ya mwisho. Akaniita, akasema mama yake anataka kunisalimia. Nikaona kwenye simu mwanamke kasimama jikoni kwake, anafuta mikono kwenye kitambaa. Lugha yake siijui, yangu haijui. Nikamwambia mwanawe anitafsirie.

Nikaanza. Nikamwambia mwanao anasugua gogo kuliko wenye kazi yao. Nikamwambia amefungiwa milango mji mzima na sijamsikia akimsema mtu vibaya. Nikamwambia Jumamosi angeweza kunyamaza akapata alichokitafuta mwaka mzima, na hakunyamaza, na mume wangu anayeogopa maji kuliko kifo akarudi kwa ajili yake. Nikamwambia mimi nimezaa, najua kulea kulivyo kazi, na yeye amelea. Nilisema mpaka koo likakauka.

Mzee Mtoto akaigeukia simu, kainamisha macho, akatamka maneno mawili matatu, akanyamaza. Mama yake akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa hali ya hewa. Mume wangu, aliyekuwa mlangoni na aproni yake, akaguna.

"Hapo umepunja, mwanangu," nikamwambia. "Rudia."

Akarudia. Safari hii alisema yote, polepole, bila kuinua kichwa, na kule jikoni mama yake akavuta kiti, akakaa.