Dubu Asiyepigwa Msasa

Shangazi yangu alinunua vitu vya kuchezea kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Yide Lu na kuvipeleka Mombasa, na mimi nilikuja naye Guangzhou kumbebea mizigo. Sikuwa msemaji. Shule niliishia darasa la nane, na hata leo nikiandika naenda polepole. Lakini kuchonga najua. Kwa baba nilianza na vijiko, nikaja twiga, nikaja ndovu.

Nyuma ya maduka ya jumla palikuwa na chumba cha mama mmoja Mrusi. Alikuja kutafuta kiwanda cha kutengeneza vinyago vya kwao, akaona mashine inavitoa vyote na sura moja kama sahani. Basi akakodi chumba, akachonga mwenyewe: viti vyenye jogoo kwenye egemeo, dubu na mhunzi wanaopiga nyundo kwa zamu, na kuku waliopangwa juu ya ubao wenye mpini. Chini ya ubao huning'inia tufe la mti kwa nyuzi. Ukilizungusha, kuku wanadonoa.

Kila Shangazi alipobishania bei, nilisimama mlangoni pale nikitazama. Siku moja yule mama akanipa kisu na kipande cha mti mweupe, laini kama sabuni.

Nikachonga dubu. Kisha nikamfanyia kama tunavyofanya kwetu: msasa mkavu, msasa wa maji, rangi ya viatu, mpaka akang'aa. Kwetu kinyago kisichong'aa hakijaisha.

Mama, ndivyo nilivyomwita, akampapasa dubu. Lugha yetu ilikuwa Kichina kibovu, chake na changu.

"Kisu kiko wapi?"

Nikamwonyesha, pale mezani. Akatikisa kichwa, akakivuta kidole changu juu ya dubu wake. Kila unywele ulikuwa mkato mmoja, umeachwa wazi.

"Kisu kiko hapa," akasema. "Wako ameoga, amenyolewa, anakwenda kuoa."

Tangu hapo nilichonga naye kila asubuhi, meza yangu ikiwa dirishani.

Ndipo polisi walipoanza kukagua pasipoti za Waafrika kila kona. Walioishiwa viza walijifungia ndani. Yangu ilikuwa halali, na pasipoti ilikaa mfuko wa shati. Hata hivyo mwenye nyumba, tuliyemwita laoban, alikuja kutuambia: Mrusi abaki, mimi nisionekane. Nikae stoo, la sivyo tuhame.

Nikahamia stoo. Haikuwa na dirisha, ila balbu moja juu ya kichwa. Mkato huonekana kwa mwanga wa ubavuni; chini ya ile balbu kila kitu kilikuwa bapa. Dubu wangu walitoka hawana uso. Nikajua nikikaa humo nitaipoteza kazi bila kufukuzwa na mtu.

Nikamwambia Shangazi narudi dirishani.

"Nani anakutaka dirishani? Wewe ni ua?"

"Viza yangu ni halali."

"Kwani watakuuliza kwa adabu?"

"Waniulize wanavyotaka."

"Na dubu mwenyewe umemwona wapi, wewe?"

Asubuhi nilipoikamata meza kuitoa stoo, Mama alishika upande wa pili.

Polisi wawili walikuja kabla ya saa sita. Wakaikagua pasipoti, wakaona viza ni nzima, na bado wakaniambia twende. Nikauliza kosa langu, kwa sauti, watu wa kichochoroni wakisikia. Sijui ile sauti niliitoa wapi. Mama akaweka pasipoti yake juu ya yangu. Hawakuifungua. Wakamrudishia, wakanichukua mimi.

Niliketi kwenye benchi lao hadi alasiri, kisha wakanipa pasipoti yangu, wakanionyesha mlango. Nikarudi kwa miguu. Nilimkuta laoban mlangoni, na meza imesharudishwa stoo.

"Umeniletea polisi," akasema.

"Wamekuja, wameangalia, wameniachia."

Nikampita, nikaitoa meza. Mama akamwambia kama anataka nikae gizani, basi aketi yeye dirishani awachonge hao dubu. Laoban akasema mkataba ukiisha tuondoke. Mama akasema tutaondoka. Lakini mpaka siku hiyo nilichonga palepale, na waliopita waliniona.

Shangazi alikuja jioni ya siku ileile ya polisi. Akanikagua kama mzigo uliotoka forodhani, kisha akavuta kiti chenye jogoo, akakiweka dirishani kando yangu, akaketi.

"Kama ni kutazama, watutazame wawili," akasema. Akamchukua dubu niliyekuwa nimemtoa kwenye kisu. "Huyu mbona anakwaruza? Hujammaliza."

"Nimemmaliza," nikasema.