Kiburi cha Dada Yangu

Mtaa mzima wa Mkomani, hapa Lamu, huambiana kwamba dada yangu, Bi Mardhiya, ana kiburi. Wasemao hivyo hawajui Kiswahili chao, nami nimechoka kunyamaza.

Dada hushona kofia za vito, na vito ni yale matundu madogomadogo yanayozungushiwa uzi mpaka yakafanya maua. Kofia moja humla miezi mitatu. Akimaliza huivika juu ya bakuli, akaiweka dirishani kila apitaye aione, na ukimsifu hakatai. Yeye hukuongezea sifa ulizosahau. Hayo ni majivuno, neno letu wenyewe, latokana na kujivuna. Akivaa buibui jipya akapita sokoni polepole kama mwenye miguu ya kuazima, hayo ni maringo, na maringo hayajamuua mtu. Kiburi ni jambo jingine. Neno lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu, kibri, na asili yake ni ukubwa: mtu kujikuza moyoni. Chuoni, tulikosomea Kurani, tulifundishwa alama zake mbili, kuikataa kweli ikujiapo na kuwadharau watu. Dada yangu hana hata moja, na ushahidi ninao.

Mwalimu Nyaguthii, anayesomesha hesabu na kwao ni Nyeri, alikuwa akija kwetu kila alasiri kujifunza kushona. Jumanne moja alimkuta Bi Kadija amekuja kuchukua kofia ya mwanawe Swafwan, ambaye nikahi yake ilikuwa Ijumaa. Kofia ikapita mikono yote, ikasifiwa. Dada akakumbusha, kama kawaida yake, kwamba kwa miaka thelathini hakuna kofia yake iliyorudi. Bi Kadija alikuwa ameshaanza kuifunga kwenye kitambaa Nyaguthii aliposema taratibu, "Bi Mardhiya, samahani. Kila ua lina vito vinane. Hili la nyuma lina saba."

Mimi ndiye niliyejibu. "Wewe mtu wa bara, mambo ya kofia umeyayulia wapi? Kwenu si huvaa za sufu, za baridi?"

Bi Kadija alicheka. Nyaguthii alitazama mkeka.

"Nipa," dada alimwambia Bi Kadija. Akaisogeza kofia kwenye mwanga, akapitisha ncha ya sindano kito baada ya kito. Nilimwomba Mungu viwe vinane. Vilikuwa saba.

"Ni nyuma ya kitwa," nikamwambia. "Nani atahesabu?"

"Mwalimu amehesabu," alisema dada. "Nimekosa mimi. Bi Kadija, niatia kofia, ikae hapa mpaka Alhamisi."

Niliumia, nasema kweli. Kabla ya Magharibi Mkomani yote ilijua kwamba kofia ya Bi Mardhiya imerudi, na walioingojea habari hiyo kwa miaka thelathini waliila kama halua. Dada hakujali. Aliufumua uzi wa ua zima, akamkalisha Nyaguthii ubavuni amhesabie, kisha akanigeukia. "Na wewe, Fairuz, huna neno la kumwambia mwalimu?"

Nikasema chungu changu kinaungua. Hakikuwa kinaungua.

Jumatano nilipika samaki wa nazi, nikamwekea Nyaguthii kipande kikubwa kuliko vyote, nikitumaini samaki atanisemea. Samaki hakusema. Nyaguthii alinishukuru kwa adabu, akala, akarudi kwenye sindano yake. Nilitamani anikasirikie, nipate sababu ya kutomwomba radhi.

Alhamisi Bi Kadija alichukua kofia yenye maua yaliyotimia, na dada akajisifu robo saa nzima: kosa mwalimu ameliona, lakini kulitengeneza kwa siku mbili bila kuacha alama kitambaani, nani mwingine Lamu anaweza? Nyaguthii alicheka mpaka akafuta machozi. Alipoinuka kwenda zake nilimfuata mpaka mlangoni. Jina lake nililiita mara mbili kabla ya kupata la kusema.

"Mwalimu, ulisema kweli, nami nikakudharau. Nisamehe."

"Yamekwisha, Bi Fairuz," alisema, akavaa viatu vyake.

Nikarudi ndani. Dada alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Yeye kusema amekosa kulimchukua muda wa kuhesabu vito saba. Mimi nilihitaji siku mbili na samaki mzima.