Matundu Matano kwenye Karatasi ya Noela

Karatasi ikiunguzwa na kaa la pasi ina harufu yake. Si ya moto wa jikoni, si ya takataka. Juzi niliinusa Area 36, Lilongwe, nilikokwenda kununua vitenge. Nilikuwa nimeshamshusha muuzaji bei mara mbili, bado kidogo tu akubali, pale fundi wa kibanda cha pili alipodondosha kaa juu ya gazeti. Nikaacha kupatana, nikageukia ule moshi. Muuzaji akadhani nimekwama kwenye hesabu. Ndugu msomaji, kwenye hesabu mimi sikwami. Nilikuwa nimerudi Dzaleka, kambi ya wakimbizi, nina miaka kumi na mmoja, na namwonea msichana mmoja wivu.

Kabla yake mimi nilikuwa mtu mkubwa kambini. Mama, fundi wa nguo kutoka Uvira, Kongo, alikuja na kamusi ya Kiingereza na Kifaransa isiyo na jalada wala kurasa za mwanzo. Ilianzia herufi D. Hata hivyo hapakuwa na nyingine mtaani kwetu. Watoto wa kikundi cha kusoma cha Jumamosi waliniletea maneno magumu, nami nikayafungua kwa karanga kumi neno moja. Karanga nilizihesabu mara mbili, na iliyooza haikuingia kwenye hesabu. Wenye maneno ya A, B na C niliwarudisha kwao kwa heshima.

Kisha akaja Noela, kutoka Bukavu, akakaa kwa shangazi yake. Hakuwa na kamusi, na hakuonekana kuihitaji. Jumamosi moja nikamsikia akimwambia mteja wangu, tena mteja mzuri:

"Karanga yako kula mwenyewe. We soma ya mbele, soma ya nyuma. Neno iko na bajirani. Uliza bajirani."

Bure! Baada ya wiki tatu nilibaki na kamusi yangu na njaa yangu. Mama alizoea kusema jicho la kijicho halishibi. Langu lilikula asubuhi, mchana na jioni.

Halafu Metre, ndivyo tulivyomwita mwalimu wetu wa Jumamosi, akatangaza kwamba shule moja ya bweni Lilongwe ingemchukua mtoto mmoja wa kikundi chetu, sare na chakula juu yao. Majina yalibaki mawili, la Noela na langu. Kila mmoja angesoma hadithi ileile ya Kiingereza asiyoijua na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya wazazi, kanisani tulikosomea. Mmoja akisoma, mwenzake angekaa nje. Kamusi, marufuku.

Vitabu vyetu vilikuwa karatasi alizonakili Metre kwa mkono, na mama ndiye aliyezishona mgongo kwa cherehani. Ijumaa mchana nakala mbili zililetwa kwetu, kila moja na jina kwenye kona. Mama akazishona, akaenda kuchota maji. Nikabaki mimi, hadithi, kamusi, na pasi ya mkaa iliyokuwa bado ya moto.

Nilisoma haraka. Maneno sita sikuyajua. Matano nikayapata kwenye kamusi. La sita lilianza kwa C. Nikapiga hesabu kama mtu wa sokoni: yale matano niliyokwisha kuyajua, Noela asiyaone kabisa. Lile la C, kwa kuwa hakuna anayelijua, hapo tutatoka sare. Nikachukua kijikaa kwa kibanio, nikagusa nakala yake, nikapuliza. Matundu matano, nikayahesabu mara mbili. Ungeapa ni cheche za pasi.

Kesho yake asubuhi Metre akamtuma Noela avichukue vitabu kwa mama, avilete kanisani. Nikaanza mimi. Nilikwenda vizuri kama mtu anayeteremka mlima, mpaka pale kwenye paka na lile neno la C. Metre akanihurumia.

"Paka inafunga macho. Panya inakaribia. Paka inaruka. Sasa hiyo paka iko namna gani?"

"Metre, C haiko kwetu."

Kanisa zima lilicheka. Sikujali sana. Nilikuwa na matano kibindoni.

Noela akaingia, akafungua kitabu, na mwanga wa mlangoni ukapita kwenye karatasi. Metre akaona.

"Hii matundu iko nini?"

Mama akainuka nusu kwenye benchi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Noela akamtazama mama, akanitazama mimi, kisha mama tena.

"Njo mimi nilichoma, Metre. Nilipitia kwa shangazi kupuliza moto, cheche zikaruka."

"Basi utasoma na matundu yako."

Akasoma. Kwenye tundu la kwanza akasimama, akalipita, akamaliza sentensi, akarudi. "Huyu mama anataka kufika juu. Anaegemeza kitu, anapanda mguu kwa mguu. Iko ngazi." Kwenye la pili: "Mahindi iko ndani, imesukwa na mianzi, inasimama juu ya miti. Njo nkhokwe, ile tunaona kwa Bamalawi huko barabarani!" Wazazi wakapiga makofi, maana ghala zile za mahindi tulizipita kila siku. Yote matano akayaziba. Akafika kwenye paka, hata hakusimama. "Anafunga macho lakini halali. Iko mjanja."

Alikwenda Lilongwe yeye. Mama alimfupishia sare bila kumtoza kitu, na mimi nikatumwa nikaipeleke. Nilihesabu vifungo njiani, nikamkabidhi bila kumtazama.

Kwa miaka mingi niliamini alijitwika kosa langu ili anishinde hata kwa wema. Lilikuwa jambo la kuudhi kuliko ile shule. Nimekuja kuelewa nilipoanza kushona mwenyewe. Fundi akiunguza kitu cha mtu mara moja, kufikia saa sita kambi nzima inajua, na kufikia jioni hana mteja. Noela aliliona hilo kwenye uso wa mama kabla hata mama hajakaa. Tena nikakumbuka sahani ambayo mama alimfunikia kwa kitambaa kila Jumamosi jioni, sahani ambayo mimi nilidhani ni makombo. Kwa shangazi yake walikuwa watoto saba, na wakati ule sikuwahi kuwahesabu.

Kumbe siku ile hakuniokoa mimi. Mimi hata sikuwamo kwenye hesabu yake. Aliokoa meza aliyoipata ugenini, na mwanamke aliyemlisha bila kumwuliza kitu. Nilipolijua hilo nilimwonea wivu upya, wivu mkali kuliko wa karanga: alifika kwetu Jumamosi tu, akamjua mama yangu kuliko mimi niliyelala naye chumba kimoja.