Siku Niliyomtafuta Muuaji Kisiwani

Aibu hii niliifukia miaka mingi, na ningekwenda nayo kaburini, lakini mjukuu wangu Rahma kaniletea kitabu. Kitabu cha kisasa, watu wa ndani yake wana simu za mkononi, lakini hadithi ni ileile ya zamani iliyopakwa rangi mpya: watu wametengwa kisiwani, hapana chombo cha kutokea, wanakufa mmoja mmoja, na muuaji yumo humohumo baina yao. Ananisomea baada ya Alasiri (miye Kurani nimehitimu, ila skuli niliondoshwa darasa la pili nikalee wadogo zangu), na juzi alipofika pale mtu wa tatu keshaanguka, nilicheka mpaka ushungi ukanivuka.

"Bibi, watu wanakufa hapa, unacheka nini?"

Nikamwambia, mwanangu, mambo hayo mimi nishayacheza mwenyewe, tena mbele ya kijiji chetu kizima cha Wingwi.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi, nimezaa mtoto wangu wa kwanza, na kwa kupika, nasema bila ya kujivuna, Wingwi hapakuwa na wa kunifikia. Mume wangu Faki alikuwa akipeleka ndizi Konde, na huko karani mmoja wa dukani alimsimulia hiyo hadithi ya kisiwa cha mauaji, naye akaja akanisimulia mimi kwa vitendo, anaanguka, anakoroma, anakata roho mkekani, mpaka nikawa kisimani siendi peke yangu.

Basi wakati huohuo mdogo wangu Mize alikuwa kaposwa, na jawabu ya mwisho ya upande wa mume bado. Mama wa kijana, Bi Sabra wa Tibirinzi, mtu wa mjini mwenye mikarafuu yake, alikuja na dada yake Bi Raya kumtazama mwari kwa macho yake mwenyewe. Mama yangu alinivuta pembeni: "Mgeni huyu akiondoka na kinyongo, Mize hatapata posa nyengine kama hii." Nikamwambia niachie mimi. (Laiti angemwachia mbuzi.)

Tukapanga tuvuke kwa miguu maji yakiwa yametoka, twende kwenye kile kisiwa kidogo kinachotazamana na sisi, tuokote chaza, tupigwe na upepo, turudi maji yakitoka tena jioni, maana yakishajaa hapana pa kupita, ni kukaa tu. Tulikuwa mimi, Mize, wageni wawili, na jirani yetu Mkasi, ambaye hucheka hata akikanyagwa. Mimi mtoto nikamwachia mama, nikajitwika sufuria ya uji wa mchele wa tui.

Uji wenyewe ndio mkasa. Siku ile nilikuwa nimefunga, nalipa saumu zangu za uzazi, kwa hivyo sikuuonja. (Msinambie kuwa aliyefunga huruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Nimeambiwa, na watu wengi, baadaye.) Nikaparuza kungumanga moja, nikanusa, nikaona kwa mtu wa Tibirinzi hii haitoshi. Nikaparuza ya pili. Mtoto akalia, nikaenda kumnyonyesha, niliporudi sikumbuki kama ya pili nimeshaitia, nikatia nyengine. Na ya mwisho niliitia kwa kiburi tu.

Sasa kila mwanamke wa huku anajua, kungumanga kidogo hutia harufu, ikizidi hulevya, hata harusini watu hutiliwa kwenye uji ili haya ziwatoke. Nami nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa maiti wa hadithi ya Faki.

Tukafika, wakanywa, wakasifu. Bi Sabra akaongeza. Mkasi akakombeleza sufuria kwa kidole. Maji yakajaa, yakatuzunguka pande zote, nami nimekaa kivulini najiona malkia.

Jua lilipokuwa kichwani Mkasi akamwona kaa, akacheka. Akacheka mpaka akalala chali, kisha kimya. "Mkasi! We Mkasi!" Hajibu. Midomo mikavu, uso mwekundu.

Bi Raya akashika mchanga kwa mikono miwili. "Jamani, kisiwa hiki kinakwenda wapi?" Naye akajilaza.

Mize, mwari wa watu, ambaye tangu asubuhi hakunyanyua uso, akamgeukia mkwewe. "Bi Sabra, mwanao namtaka, nalimwona siku ya Idi. Lakini macho yako hayo unanitazama kama unanunua ng'ombe." Akatabasamu, akaanguka ubavu.

Tumebaki wawili! Na Faki alisema, muuaji ni mmoja wa waliobaki. Mimi si muuaji, najijua. Basi nikapanda juu ya jiwe na upawa mkononi.

"Bi Sabra, usiondoke hapo ulipo!"

"Niondoke niende wapi, mwanangu, na miguu siioni?"

"Mwenye kutia sumu hali sumu yake! Sema kweli, nani hakunywa uji huu?"

Akafikiri, taratibu. "Mie nimekunywa. Mize kanywa, Raya kanywa, Mkasi karamba sufuria. Weye umekunywa bakuli ngapi?"

Nikauficha upawa nyuma ya mgongo.

"Na nani kaupika?"

Akajifunika kanga mpaka usoni, kama mtu anayejivisha sanda mwenyewe, akajinyoosha mchangani.

Hapo nilipiga ukelele. Mtu mmoja alikuwa anapita na mtumbwi wake, nikamrukia mpaka maji ya kiuno: "Wamekufa! Wote wamekufa, nimebaki mimi tu!" Akaniangalia, nywele wazi, upawa juu, akageuza mtumbwi na kupiga kasia kuelekea Wingwi kama kafukuzwa na jini. Na mimi kuwasogelea wale, hata kuwatazama kama wanapumua, sikuthubutu. Maiti naziogopa.

Maji yalipotoka, ikaja Wingwi yote. Mbele jeneza la msikitini, nyuma yake Shehe, nyuma yake Faki analia, na wanaume wanabishana, maiti wanne, jeneza moja, nani abebwe kwanza. Shehe akainama, akamfunua Bi Sabra uso ili amfumbe macho. Bi Sabra akakoroma, akayafumbua.

"Jeneza hili la nani?"

"Lilikuwa lako, Bi," akasema Shehe.

Mama yangu akapita katikati ya watu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa sufuria, akalamba.

"Umetia ngapi?"

"Mama, nalifunga."

"Sikukuuliza saumu. Nakuuliza kungumanga."

Nilitamani maji yarudi yanichukue. Kicheko kilichopigwa siku ile kilisikika Konde, na Bi Raya, ambaye ulevi ulikuwa haujamtoka, akaomba abebwe kwenye jeneza maadamu limeshafika. Shehe akakataa.

Wageni waliondoka kesho yake bila ya neno. Mize akaacha kusema na mimi. Mama alikuwa akinipita uani kama anapita kuku. Jawabu ilikaa mpaka tukaikatia tamaa, halafu Bi Raya akaja peke yake, akala, akanywa, kisha akatua maneno ya dada yake mbele yetu: "Mwari tunamtaka. Ni mtu wa mwanzo kuniambia kweli juu ya macho yangu. Ila siku ya harusi dada yake asionekane jikoni."

Asionekane jikoni! Harusi ya mdogo wangu, nyumbani kwetu, miye! Nikakubali. Na tangu hapo nimeweka nadhiri, nikifunga sipiki na nikipika sifungi, na hadithi za wauaji nazisikiliza nikiwa nimekaa chini, tena sina upawa.

Siku ya harusi nilikaa mkekani na wageni, nimefukizwa udi, mikono mapajani, nimehudumiwa kama mtu wa mbali. Pua yangu ikanambia pilau linashika chini, kabla mpishi hajajua. Nilikuwa na nafasi ya kunyanyuka nikasema. Bi Sabra alikuwa ananitazama.

Nikapanga vizuri kanga yangu, nikaliacha liungue.