Simu ya Nusu Dakika

Walitaka kumfukuza kazi mama mmoja, mhudumu wa wodi ya wazazi, kwa sababu ya simu niliyoiunda mimi kwa mikono yangu hii. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nataka kujisifia ufundi. Ufundi ulikuwepo, tena mzuri tu. Lakini kila nikiukumbuka napandwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu juu yangu mwenyewe.

Kituo chetu cha afya ni cha kanisa, kiko mlimani, upande wa Kyerwa. Ofisi, maabara na chumba cha daktari viko juu. Wodi ya wazazi iko chini, ukishapita migomba, kwenye bonde ambalo simu ya mkononi haishiki. Na ikishika, inashika mtandao wa ng'ambo: unataka kumpigia mtu aliye hapo juu tu, unaletewa ujumbe wa kukukaribisha Rwanda. Kwa hiyo mkunga akimhitaji daktari, lazima mtu apande mlima kwa miguu. Mtu huyo karibu siku zote alikuwa yule mama, mwenye magoti mabovu na umri wa kuwazaa daktari na mkunga wote wawili.

Mimi ni mtunza stoo. Kuchezea redio na simu nimejifunza mwenyewe nyumbani Ihanda, kwa kuharibu vitu vya watu mpaka nikajua kuvitengeneza. Niliomba kituo kinunue simu za ndani, nikaambiwa tusubiri bajeti. Tukasubiri wee! Siku moja nikamwona yule mama akipanda kwenye mvua, kajifunika mfuko wa nailoni kichwani, ameshika goti kwa mkono mmoja, nikasema basi, bajeti na ikae huko huko.

Kayanga kuna mzee anauza vyombo chakavu vya ofisi. Kwake nikakuta simu za mezani tisa kwenye gunia la kahawa, zimetolewa kwenye ofisi moja ya Bukoba iliyofungwa. Sita zilikuwa na uhai. Moja kati ya hizo ilikuwa imekufa kitufe cha nne, ndiyo maana hakuna namba yenye nne kituoni kwetu mpaka leo. Nikapata na kompyuta kuukuu isiyo na kioo, nikaitia programu ya bure inayopokea na kugawa simu, nikatafuta visanduku vitatu vya kuunganishia simu za zamani na kompyuta. Waya niliunga vipande vipande, nikaupitisha juu ya migomba kwa nguzo za miti. Ng'ombe wa jirani wakaja kujikuna kwenye nguzo zangu, mbili zikalala chini. Nikazisimamisha upya, nikazizungushia miiba, nikamtukana mwenye ng'ombe kimoyomoyo maana ni mzee wa kanisa.

Siku ilipoita mara ya kwanza kule wodini, yule mama aliupokea mkono wa simu kwa mikono miwili, kama anapokea kitu kwa mkwe. Akaniuliza nimelalaje. Wa nyumbani wamelalaje. Ng'ombe je? Ukoo wake ni wa wafugaji, walitoka Rwanda zamani, na yeye habari za mtu hazijakamilika bila ng'ombe. Mama alimuuliza hivyo hata daktari. Daktari hana hata mbuzi, ana pikipiki, lakini ni kijana aliyelelewa, alikuwa anajibu, "Wazima kabisa, mama." Kuanzia siku ile alinipigia stoo kila asubuhi kunijulia hali, na mimi kila asubuhi nilifurahi.

Ndipo wengine wakaharibu. Jikoni na maabara wakageuza simu zangu kijiwe. Senene wameanza kutua, kamati ya harusi imekaa, fulani kaonekana na fulani! Mashine yangu kwa uzee wake ilimudu maongezi mawili tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo wakishaanza hao, ukipiga unasikia milio ya laini kujaa. Mkuu wa kituo alishindwa kumpata daktari asubuhi moja, akaja stoo amevimba. "Fundi, zikate hizo simu. Zikifika dakika moja, zikatike zenyewe."

Alisema dakika moja. Nataka hilo lijulikane. Mimi ndiye niliyeweka sekunde thelathini. Asubuhi ile ile na mimi nilikuwa nimewapigia jikoni mara nne bila kuwapata, nikasema dakika nzima ya nini hawa, wataimaliza yote kwa umbea. Ningeweza kuweka mlio wa kuonya kwamba muda unakwisha. Sikuuweka. Nilitaka wakatwe katikati ya neno ili wakome. Jumatatu baada ya sala ya asubuhi nikawatangazia wafanyakazi, wakanung'unika, nami nikafurahi kweli kweli.

Yule mama hakuwepo kwenye tangazo. Yeye huwa hayupo kwenye matangazo, kwa sababu lazima mtu abaki na wazazi. Hakuna aliyeshuka kumwambia, na wa kwanza aliyepaswa kushuka nilikuwa mimi. Kesho yake akanipigia kama kawaida, tukafika kwenye ng'ombe, simu ikakatika. Mchana tulipokutana akaniuliza, "Mwanangu, mbona ulipotea?" Aibu ya kumwambia kwamba nimeziwekea salamu zake kikomo ikanishinda. Nikamjibu, "Laini tu hiyo mama, ni mbovu."

Wiki iliyofuata, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha na njia ikiteleza, mzazi mmoja alijifungua salama halafu akaanza kutoka damu nyingi. Alikuwa binti aliyetoka upande wa Kimuli, mtoto wake wa kwanza. Mkunga alikuwa peke yake, mikono yote kazini, akamwambia yule mama ampigie daktari. Akapiga. Daktari akapokea, "Shikamoo mama." Marahaba, mmelalaje, wa nyumbani wamelalaje. Ikakatika. Akapiga tena, na kwa kuwa ni simu nyingine akaanza tena na salamu. Ikakatika. Akapiga ya tatu, ikapokelewa, ikakatika vile vile. Daktari akadhani mama anamjulia hali kama siku zote na laini inamsumbua, akaendelea na mgonjwa aliyekuwa mbele yake.

Mama akaacha simu, akapanda mlima na magoti yale. Alianguka mara mbili. Alipofika kwa daktari alikuwa tope mpaka usoni, na daktari hakuhitaji kuambiwa kitu, alikimbia. Yule binti alipelekwa na gari hospitali ya wilaya. Alirudi hai, na mtoto wake yupo, lakini kizazi walikitoa. Daktari alisema huenda ingekuwa hivyo hata angeitwa mapema. Huenda! Neno hilo nalichukia kuliko tusi.

Mume wa binti akaja kulalamika, na alikuwa na haki. Mkuu akanitaka nimwandikie kumbukumbu za simu za asubuhi ile, maana mashine inatunza kila simu na urefu wake. Nikafungua. Kutoka wodini kwenda kwa daktari: sekunde thelathini. Sekunde thelathini. Sekunde thelathini. Nikakaa pale stoo kati ya maboksi ya glovu. Kisha nikachukua karatasi, nikaandika kwamba mhudumu alipiga mara tatu, sekunde thelathini kila mara, simu zikapokelewa zote, na mitambo haikuwa na hitilafu yoyote. Nikatia sahihi. Na kweli haikuwa na hitilafu, si ilifanya kile nilichoiagiza? Mtu mzima ovyo mimi.

Kati ya siku ile na siku ya kikao zilipita siku kumi. Siku kumi yule mama aliendelea kunisalimu asubuhi, na mimi nikaitika. Watu walishaanza kusema ni uzee, ni kutojua Kiswahili vizuri, na mtu mmoja wa jikoni, mdomo huo huo wa senene, akasema wakimbizi ndivyo walivyo. Mkimbizi gani, mama amezaliwa hapa, na wazazi wake wamezikwa hapa! Nilitamani kumtia kofi. Lakini kofi lenyewe lilikuwa la kwangu.

Kikaoni alikuwepo mkuu, daktari, mkunga, mzee mmoja wa kamati ya kanisa, mama na mimi. Barua ya kumwachisha kazi ilishachapwa, niliiona chini ya mkono wa mkuu. Akasoma karatasi yangu kwa sauti. Akamwuliza mama, "Ulipokelewa mara tatu. Kwa nini hukusema?"

"Laini ilikuwa inakatika, baba."

"Fundi ameandika mitambo mizima."

"Hapana, fundi anajua. Aliniambia mwenyewe kwamba laini ni mbovu." Akageuka akaniangalia, bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyemwona shahidi wake.

Kabla sijafungua mdomo mkuu akapiga meza. "Hata kama! Damu inatoka, wewe unauliza ng'ombe? Neno moja tu, damu, lingekugharimu nini?"

Mama akasema taratibu, kwa Kiswahili chake kile cha kuchagua maneno, "Baba, simu iko ukutani, kichwani kwa kitanda. Yule binti alikuwa ananisikiliza mimi. Kwetu mtu anayeanza na habari bila salamu, analeta msiba. Ningesema damu bila kusalimia, angejua tumeshamkatia tamaa. Alikuwa ananishika nguo. Nikasalimia ili asiogope, na neno lenyewe nilikuwa nalifikia."

Mkunga akaanza kulia. Daktari alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi ndiye niliyeupigilia ule ubao wa simu pale ukutani, na niliupigilia pale kwa sababu waya ulikuwa mfupi.

Nikasimama. Nikasema simu hazikukatika kwa ubovu, nilizikata mimi. Nikaeleza sekunde thelathini. Mkuu akadakia haraka, "Mimi nilisema dakika moja!" Nikamwambia ndiyo, ulisema, na tangu nikuandikie karatasi hii umeisoma mara ngapi? Thelathini, thelathini, thelathini, binadamu gani anakata simu hivyo mara tatu? Ulijua kuna kikomo, ukanyamaza, kwa sababu kumfukuza mhudumu ni rahisi kuliko kumjibu mume wa mgonjwa. Sauti ilikuwa imepanda, na mzee wa kamati akaniambia, "Kaa chini, kijana." Sikukaa. Nikamgeukia daktari, nikamwambia na wewe ulikuwa kwenye tangazo, ulijua simu zinakatwa, ungempigia hata mara moja. Nilimwaga yote. Nilitukana hata mashine.

Barua mkuu aliikunja akaitia mfukoni. Mama akabaki na kazi yake. Mimi nikapewa onyo la maandishi, na nikaamriwa kuondoa kikomo siku hiyo hiyo, nikakiondoa. Watu waliniambia nimefanya kiume. Kiume gani? Nilisema baada ya siku kumi, tena baada ya kubanwa.

Tulipotoka nje nilimfuata kwenye njia ya kushuka wodini. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akasimama, akashika goti lake.

"Kwa hiyo asubuhi zile zote," akasema, "nilipokuwa nakuuliza habari za mama yako, ulikuwa unajua utanikatia wapi."

Akashuka.

Bado yuko wodini, na simu zangu bado zinafanya kazi, hata wametoka watu Karagwe kuja kuziangalia. Waya wa wodini nilishaurefusha, simu sasa iko mlangoni, mbali na vitanda. Akimpigia daktari, daktari ananiambia wanasalimiana mpaka basi, ng'ombe na wote. Mimi ananipigia stoo pale tu anapohitaji kitu. Nikiiona namba ya wodini nauwahi mkono wa simu, na shikamoo yangu naiweka tayari mdomoni.

"Glovu zimeisha," anasema, anakata.