Nyumba ya Watu Wazima Wawili

Katika jengo lile lenye ngazi zinazonuka sabuni ya sakafu, kila mgeni aliyeshuka na begi lake, hana mbele wala nyuma, aliambiwa jambo moja: panda ghorofa ya tatu, mtafute Mama Foleni. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelijua wala aliyelihitaji. Alikuwa mwanamke wa makamo, magoti yamevimba, mikono imekauka kwa kufua mashuka ya hospitali. Shule hakuwahi kukanyaga. Lakini foleni za mji ule alizijua kama mtu anavyojua jiko lake gizani.

Hakuzijua kwa kupenda. Walipofika nchi ile, mumewe alipata kazi kiwanda cha mikate kabla hata hawajafungua mabegi, akatangaza kwamba mtu wa kazi haombi ruhusa kwenda kusimama. "Makaratasi ni mambo ya anayeshinda nyumbani," alisema, akavuta shuka. Basi mke akasimama. Akasimamia kibali cha mume, kibali chake, shule ya binti yao, jino bovu la mume, mpaka nyumba yenyewe, ya kupanga kwa manispaa. Na kwa kuwa anayesimama ndiye anayeulizwa jina, nyumba ikaandikwa kwa jina lake. Mume hakujali. Kwake yeye nyumba ilikuwa mahali chakula kinapotokea na soksi zinapojianika zenyewe.

Binti akakua, akaolewa mji mwingine. Mume akaenda likizo nyumbani peke yake, akarudi amenenepa, anaimba bafuni. Aliyetoboa siri ni wifi mtu, kwa simu. "Wifi yangu, nisingependa usikie kwa watu," alianza, na Mama Foleni akajua kwamba watu wote wameshasikia. Mume ameoa. Mke mdogo ana mimba na anangoja tiketi tu.

Tiketi ikapatikana. Mume akaenda kumpokea uwanja wa ndege, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya. Mke mdogo alikuwa msichana mwembamba, mwenye begi moja na viatu vya wazi, katika baridi ya kuuma masikio. Aliinama akasema shikamoo. Mama Foleni akajibu marahaba, maana hakupata neno jingine la karibu.

Walipokwisha kula, msichana akaenda kujilaza. Mume akasogeza kiti.

"Kesho mpeleke mwenzio akaandikishwe. Kliniki hawampokei bila anwani."

"Nyumba hii ni ya watu wazima wawili," Mama Foleni akasema. "Wa tatu hawamwandiki."

"Najua. Wewe utakwenda kwa binti yako. Umehangaika sana, ukapumzike."

Binti alikaa na wakwe zake katika vyumba viwili ambavyo hata paka angelala kwa zamu. Mama Foleni alimtazama mumewe aone kama anatania. Alikuwa anachokonoa meno.

"Mpeleke wewe basi, mkeo."

"Mimi? Kwani najua ofisi yenyewe iko wapi? Na mwenye nyumba ni wewe, lazima ukaseme mwenyewe kwamba unatoka."

Alisema bila haya, kavaa miwani ya mbao. Miaka ya nyuma Mama Foleni angenyanyua sufuria. Usiku ule aliiosha tu, akaifunika, akaenda kulala. Hasira nayo inataka mtu aliyeshiba usingizi.

Asubuhi walitoka mapema, mke mkubwa mbele, mke mdogo nyuma. Kwenye ngazi Mama Foleni akasimama.

"Hati yako ya kusafiria iko wapi?"

"Anayo yeye. Kanipa hii nakala."

"Rudi ukaichukue. Iko kwenye koti lake la kazini, mfuko wa ndani. Yeye bado anakoroma."

Msichana akarudi nayo, anahema. Mama Foleni akampa mfuko wa nailoni. "Weka humu, ufunge, uvae chini ya nguo. Usimpe mtu. Mume, shemeji, mwenye duka, hata mimi. Anayetaka kuiona aione ikiwa mkononi mwako. Na simu yako, laini imeandikwa kwa jina la nani?"

"La kwake."

"Tutanunua nyingine. Ukipotea mji huu ukawa huna laini yako, wewe ni mzigo tu, unangoja kubebwa."

Alisema hayo kwa sauti ile ile aliyowaambia wageni wote, kavu, bila kugeuka nyuma. Akamwambia asije ofisini bila kitu cha kutafuna, kwa kuwa ukitoka kununua nafasi yako imekwenda. Akamwonyesha kwamba hapa basi husimama kwa kibonyezo, ukimpigia dereva kelele anakuona mwendawazimu. Akamwambia jina lake alitaje kama lilivyoandikwa, asiongeze la babu wala la mahaba, maana jina likipinda siku ya kwanza utalinyoosha miaka. Kwenye duka la mitumba akamchagulia viatu vya kufunika, akamfunga kamba mwenyewe kwa sababu msichana hakuweza kuinama vizuri. Alipoinuka magoti yalilia, akakaa kidogo ameshika ukuta.

Foleni ilikuwa imeshapinda kona. Fundi mwashi mmoja, ambaye Mama Foleni alimsimamia kibali zamani, akampungia mkono.

"Mama Foleni, leo umetuletea nani?"

"Mke mwenzangu."

Mwashi akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mama, utani wako utaniua."

"Cheka tu. Kucheka bado hakuombewi kibali."

Msichana hakucheka. Walisogea kidogo, wakasimama tena. Halafu akauliza chini chini, "Dada, kwa nini jana usiku alisema mwenye nyumba ni wewe?"

"Kwa sababu ni yangu. Yeye alikuambiaje?"

"Aliniambia mmeachana. Kwamba unakaa kwa huruma yake mpaka upate pa kwenda."

"Huruma yake." Mama Foleni alilitafuna neno lile kama mkate uliolala. "Hatukuachana. Sikuambiwa hata kama kuna mtu anaachwa. Nyumba hii inapokea wawili. Leo nikikuandikisha wewe, mimi natoka. Ndiyo shughuli iliyotuleta."

Msichana akaweka mkono tumboni, akatazama viatu vyake vipya. "Kwetu waliniambia nitapokelewa," akasema.

"Si umepokelewa. Nimekufunga hata kamba za viatu."

Dirishani alikuwepo karani mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimjua Mama Foleni kama mtu anavyoijua saa ya ukutani. Lugha ya nchi ile Mama Foleni aliizungumza bila kuipamba. Haikunyooka, lakini ilifika.

"Unamwongeza mtu," karani akasema. "Nyumba ya wawili. Nani anatoka?"

Neno "mimi" alikuwa nalo tayari ulimini. Alikuja nalo tangu nyumbani, kama mtu anayebeba takataka kwenda kuzimwaga. Lakini akaona safari nzima iliyokuwa nyuma ya neno lile. Kufunga mabegi. Kulala miguuni pa mkwe wa binti yake, asikohoe, asigeuke. Kuanza foleni mji mwingine ambako hakuna anayemjua, kuanzia mwisho. Alichotaka duniani saa ile ni kitanda chake mwenyewe na mlango wa kufunga. Hakupiga moyo konde wala nini. Hakuwa na nguvu za kuhama, basi.

"Mume wangu," akasema.

Karani akavaa miwani. "Yeye anajua?"

"Atajua."

"Mwenye nyumba ni wewe. Atapewa muda wa kutafuta pengine. Na huyu je, anakubali? Lazima nimsikie mwenyewe."

Mama Foleni akamgeukia msichana, akamtafsiria neno kwa neno. Angeweza kupunguza. Hakupunguza. "Anakuuliza kama unakubali kukaa kwangu. Mume ndiye anayetoka. Akipata nyumba na ukataka kumfuata, nitakuleta hapa hapa kubadilisha. Fikiri kwanza. Watu wa nyuma waache wanung'unike, hawajazaliwa leo."

Msichana akamtazama usoni. "Utanitesa?"

"Mwanangu, nimechoka. Kumtesa mtu nako kunataka nguvu."

Nyuma yao mtu akasonya. Msichana akafungua kifuko chake chini ya nguo, akatoa hati, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kioo. "Mwambie aniandike."

Alasiri mume alirudi akinuka hamira, akawakuta wanakula. Akauliza kama mambo yamekwenda vizuri. Mama Foleni akamwambia yalivyokwenda, hakupandisha sauti wala hakuishusha. Mume akacheka. Akamtazama mke mdogo ili acheke naye. Mke mdogo akaendelea kutafuna, macho kwenye sahani.

"Mimi niende wapi?"

"Kuna hosteli ya wafanyakazi nyuma ya kiwanda chenu. Wanapokea."

"Wanapokea vipi? Unaanzia wapi?"

"Unakwenda, unauliza."

"Niulize kwa lugha gani?" Miaka yote ile alikuwa amezungumza na wenzake wa tanuru tu, na wote walikuwa wa kwao. "Nipeleke basi. Kesho tu. Ukinifikisha dirishani nitajua mwenyewe."

"Kesho nina zamu ya kufua."

"Mke wangu, usinifanyie hivyo. Mimi hapa ni mgeni."

Akasikia mwenyewe alichosema. Mama Foleni alikusanya sahani mbili, yake na ya msichana, akaziweka kwenye beseni, akavua viatu, akasugua goti moja kisha jingine.

"Ofisi inafungua saa mbili asubuhi," akasema, akaingia chumbani, akarudisha mlango.

Mume alibaki katikati ya sebule na koti lake, mkono mmoja ndani, mkono mmoja nje, akingoja aambiwe avae au avue.